Ukiungua jikoni mshubiri unatosha, acheni kupaka dawa ya meno

#1 Mtaa wa Kongo
Wakuu salama. Kuna kitu kinanikera kila nikienda kwa watu. Mtu kapigwa na mvuke wa sufuria au katone ka mafuta ya chipsi kamemrukia, nyumba nzima inakimbilia bafuni kuleta dawa ya meno, anapakwa mkono mweupe peee, wakati hapo nje kwenye kopo la rangi kuna mshubiri umejaa tele unatunzwa kwa ajili ya nywele tu.
Msimamo wangu: kwa kuungua kudogo kwa jikoni mshubiri unatosha, huna haja ya famasi wala nini. Kata jani, paka ute, rudi upike. Bibi zetu walitumia na siku hizi kila losheni imeandikwa alovera, ina maana wote hao ni wajinga?
Kama kwenu mnatumia mmea mwingine leta hapa, ila iwe kitu umekiona kwa macho yako, sio "nasikia". Aliyemwagikiwa na sufuria la maharage huyo sio wa uzi huu, huyo apelekwe hospitali.

#2 Siti ya Mbele
Nimewahi nafasi, ngoja wataalamu waje.

#3 mama_vitumbua
Miye nauza vitumbua na chapati asubuhi hapa Mwananyamala kwa hiyo kuungua ni sehemu ya kazi. Mshubiri nimeutumia sana na unapoza kweli, ila unapoza kidogo halafu moto unarudi palepale, unapaka tena, unarudi tena. Dawa ya meno nayo inapoza, tena haraka kuliko huo mshubiri, shida ikikauka inavuta ngozi, kuja kuibandua ndo kilio kipya. Sa hivi mafuta yakinirukia natumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji safi ninayoweka chini ya meza natulia humo, mteja mwenye haraka ajihudumie.

#4 Nesi wa Zamu
Dada #3 kasema kitu mleta uzi kakiruka. Kabla ya jani lolote ni maji. Na sio kunawa ukasepa, ni dakika 20 za maji ya kawaida yanayotiririka. Hata ukichelewa bado yanasaidia ndani ya saa 3 tangu uungue, kwa sababu moto umeuacha jikoni lakini joto limebaki kwenye ngozi na huko chini panaendelea kuiva. Vua pete, bangili na saa mapema kabla hapajavimba. Barafu usiweke, inabana mishipa ya damu na ngozi iliyokwisha umia inaumia zaidi. Mtoto mdogo mpoze pale alipoungua tu, kwingine mfunike asije akapata baridi kali.
Ukimaliza hapo ndo tuongee mshubiri, tena kwenye ngozi ambayo haijachubuka. Na malengelenge msitumbue jamani, najua mnavyopenda.

#5 Fundi Kimara
Nesi heshima yako, ila dakika 20 za maji yanayotiririka ni Dar ipi hiyo? Huku kwetu mlimani bomba likitoka ni usiku wa manane na ukilala umekosa, mpaka mgao ujao. Maji ya ndani ni ya kununua kwa dumu. Nikifungua koki dakika ishirini kwa ajili ya kidole, mama watoto ataniunguza sehemu iliyobaki.

#6 Sheshe Magomeni
😂😂 Fundi una vituko. Mi nauliza maji ya kisima yenye chumvi vipi, maana kwetu ni hayo tu, hata sabuni haitoi povu.

#7 Nesi wa Zamu
Fundi, kutiririka sio lazima yapotee. Weka mkono juu ya beseni, chota kwa kopo mwagia taratibu, yanayoanguka unayachota tena, yakianza uvuguvugu ongeza ya ndoo. Au zamisha mkono wote. Ukimaliza hayo maji yanaenda chooni, hakuna hasara.
Sheshe, ya kisima tumia kama ndo yaliyopo na ngozi haijafunguka, mwisho suuza na maji safi. Kinachotafutwa hapo ni ubaridi.

#8 Kona Famasi
Niongeze kwa nini #3 anaona dawa ya meno inapoza haraka. Ina mnanaa. Mnanaa unaidanganya mishipa ya fahamu ihisi baridi, ila ukipima joto la ngozi liko vilevile, mtu anapata nafuu ya uongo anaacha maji mapema. Na mshubiri msiupambe sana, ule ute zaidi ya asilimia 98 ni maji. Unapaka, maji yanakauka, yanaondoka na joto kidogo, unasikia raha. Ndo maana moto unarudi ukikauka. Kwa maelezo hayo mleta uzi unapaka maji ya bei ghali.

#9 Mtaa wa Kongo
Kona Famasi kwa sababu unauza krimu lazima useme hivyo 😏. Kama ni maji tu mbona watafiti wa Thailand mwaka 2007 walikusanya majaribio manne yenye wagonjwa 371 wakakuta waliotumia alovera walipona mapema kwa karibu siku 9? Maji gani yanawahisha kupona kwa siku tisa? Na Marekani huko walishaandika tangu 1935 kwamba alovera inatibu kuungua. Hiyo asilimia mbili iliyobaki ndo yenye kazi.

#10 Upanga Darasani
Mkuu hiyo ya 2007 naijua na hesabu zako ni sahihi, ila umeishia katikati. Hao hao waandishi wanasema majaribio yalitumia bidhaa tofauti na vipimo tofauti, kwa hiyo hawakuweza kutoa hitimisho mahususi. Mwingine alipakwa ute, mwingine krimu, mwingine unga, huwezi kuyajumlisha yote ukasema ndo kile kijani kwenye kopo lako la rangi. Ya 1935 ni wagonjwa walioumizwa ngozi na mionzi ya eksirei, hakuna aliyeungua na sufuria pale.
Sio kwamba tunadharau mimea, pale Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa asili kimeanza 1974 na 1991 kikawa taasisi kamili. Ila jani likiwa na dawa ndani yake haimaanishi jani zima ni dawa. Ukikata mshubiri kuna maji ya njano machungu yanatoka karibu na ganda, hayo yanawasha ngozi. Lisimamishe jani wima kwenye kikombe yachuruzike, lioshe, menya ganda, tumia ule ute mweupe wa katikati tu. Wengi wanakata na kusugua na ganda lake halafu wanasema mshubiri unawasha.

#11 Mzee Kibasila
Vijana mnabishana majani. Sisi tulipokuwa wadogo mtoto akiungua anatafutwa sungura. Manyoya yananyolewa, pale palipoungua panapakwa ute wa yai au asali, manyoya yanabandikwa juu. Yanashika, yanakauka, kidonda kinapona chini kwa chini halafu yanadondoka yenyewe. Kovu hulioni. Mdogo wangu aliungua na uji, leo ni babu wa watu na mguu wake msafi.

#12 Siti ya Mbele
Shikamoo mzee. Huyo sungura mtaani kwenu alikuwa anabaki na manyoya kweli? Maana kwa idadi ya watoto wa enzi hizo...

#13 Mzee Kibasila
Marahaba. Sungura alikuwa wa mwalimu mmoja, na ni kweli mgongo wake ulikuwa na upara. Cheka tu.

#14 Nesi wa Zamu
Mzee wangu kwa heshima zote, hayo manyoya ndo yananipa kazi mimi. Mtoto analetwa siku ya tano, ana homa, ukiyatoa kunanuka, na kuyatoa inabidi kumsugua kidonda kibichi. Hata daktari akitaka kuona pameungua kwa kina gani haoni kitu. Mdogo wako alipona kwa sababu pengine hakuungua ndani. Kuungua kwa ngozi ya juu tu kunapona ndani ya wiki moja hivi hata usipopaka kitu, kwa hiyo utakachopaka chochote kitaonekana ni dawa.

#15 Mzee Kibasila
Binti yangu nakuelewa, lakini na wewe jibu hili. Hospitali mnafunika na gozi. Gozi ni nini kama sio pamba imesokotwa? Sisi hatukuwa na gozi, tulikuwa na sungura. Kazi ni ile ile, kuzuia inzi na vumbi. Mtoto asingefunikwa ingekuwaje?

#16 mama_vitumbua
Mzee hapo kagonga. Ila gozi inatolewa ikiwa safi, sungura analala kwenye kinyesi chake.

#17 Binti Newala
Kama shida ni kufunika basi kusini tuna jani la mgomba. Bibi alikuwa anachukua lile jani changa kabisa la katikati ambalo halijapasuka, analibabua juu ya moto mpaka linakuwa laini, likipoa analipaka mafuta ya ufuta kidogo anafunika pale palipoungua, anafunga na kitambaa. Uzuri wake haling'ang'anii. Gozi kavu ukija kuibandua inatoka na ngozi, jani linateleza lenyewe. Hilo nimeliona kwa macho, nilifungwa mimi.

#18 Upanga Darasani
Binti Newala bibi yako alikuwa mbele ya muda. India hospitali zimetumia jani la mgomba kufungia vidonda vya moto, kuna utafiti ulichapishwa 2003, na sababu ni hiyo hiyo uliyosema, haling'ang'anii na ni rahisi. Kabla ya hapo, 1985, hukohuko waliandika kuhusu maganda ya viazi mbatata yaliyochemshwa yakapangwa kwenye bandeji. Tofauti ni kwamba wenzetu majani wanayasafisha kuua vijidudu kwanza, sio yametoka shambani na buibui wake.

#19 Zenji Kitambo
Hayo mafuta ya ufuta msiyapite haraka. Ndugu zetu wanaokwenda Omani wanaleta ile marhamu ya kuungulia ya MEBO, imetokea China, ukisoma kiboksi chake msingi wake ni mafuta ya ufuta. Sasa bibi wa Newala na Mchina walikutana wapi?

#20 Kona Famasi
Ufuta sawa ila sio dakika ile ile. Mafuta yoyote yale, ya nazi, ya ufuta, Vaseline, siagi, ukiyapaka ngozi ikiwa bado ya moto yanafungia joto ndani. Yaje baadaye ikishapoa kabisa. Nazi ndo inayonipa shida, watu wanaipaka kabla hata mwenye kuungua hajamaliza kupiga kelele.

#21 Papai Bichi
Mbona hakuna aliyetaja papai? Gambia hospitali kuu ya Banjul walikuwa wanawapaka watoto walioungua papai lililopondwa, ilichapishwa 1999, lina vimeng'enya vinavyokula uchafu wa kidonda. Papai lipo kila genge hapa Dar, mnahangaika na jani la mgomba hapa mjini utalitoa wapi?

#22 Nesi wa Zamu
Papai la Gambia ni kweli, ila soma lilitumika wapi. Lilipakwa kwenye vidonda vyenye ngozi iliyokufa, kazi yake ilikuwa kuila hiyo nyama iliyokufa, linabadilishwa kila siku na watu wa wodini. Hiyo sio kuungua kwa jikoni. Wewe ngozi yako nzima imekuwa nyekundu tu unapeleka kitu kinachokula protini? Ndo hilo hilo papai mnalainishia nyama ya mishkaki.

#23 Papai Bichi
Sasa nesi ukikataa papai, ukikataa sungura, ukakataa nazi, unabaki na ndoo. Wewe na Fundi Kimara mfungue kiwanda cha maji.

#24 Fundi Kimara
Nitafunga bomba bure, maji yenyewe yatoke.

#25 Boda Sugu
Jamani mi naomba msaada wa kweli sio stori. Mwezi huu nimeungua na egzosi ya pikipiki, mguu wa kulia ndani karibu na kifundo, nilikuwa naisukuma ikanilalia. Ukubwa ni kama sarafu tu. Cha ajabu haikuuma sana, katikati palikuwa peupe, nikajua dogo nikapaka mshubiri. Pembeni pamepona ila katikati pamegoma. Abiria wengi hasa kina dada wanaokaa upande wanaungua hapo hapo, wanapona haraka, kwa nini mimi?

#26 Nesi wa Zamu
Boda, kutouma ndo habari mbaya. Pakiuma sana na pakiwa pekundu maana yake mishipa ya fahamu bado ipo, ni ngozi ya juu. Pakiwa peupe au pakavu kama ngozi ya kiatu na huhisi kitu, moto umeshuka chini umechoma hata mishipa. Egzosi inaganda kwenye ngozi ni chuma, sio kama maji yanamwagika yanaondoka. Hapo hakuna mshubiri. Nenda paonwe na waulize chanjo yako ya pepopunda iko vipi, maana mguuni na vumbi la barabara.
Kwa wengine wote: uso, kiganja, unyayo, sehemu za siri, kwenye maungio, au kubwa kuliko kiganja cha huyo mgonjwa mwenyewe, usikae nayo nyumbani. Mtoto mchanga ndo usijadili kabisa.

#27 Mtaa wa Kongo
Nilisema tangu mwanzo ni kuungua kudogo, egzosi haimo kwenye uzi wangu. Naweka na picha ya mshubiri wangu mseme kama una kasoro 📷

#28 Binti Newala
Kaka huo ni mkonge.

#29 Siti ya Mbele
😂😂😂 Mkonge wa Morogoro kabisa, shusha bendera.

#30 Mtaa wa Kongo
Ni mshubiri. Nimeununua kwa muuza maua na aliniambia ni mshubiri wa asili.

#31 Upanga Darasani
Wa maua au wowote, tazama ndani. Mshubiri ukivunja jani ndani ni ute mzito unaovutika, miiba ya pembeni laini laini. Huo wa kwenye picha una mwiba mweusi mgumu kwenye ncha na ndani utakuta nyuzi. Jamii ya mkonge utomvu wake unawasha na kutoa vipele, hata ngozi nzima isiyoungua. Halafu hata mishubiri yenyewe ni mingi, ipo ya porini kwetu hapahapa Tanzania ambayo sio ile iliyopimwa kwenye tafiti. Ukipata wowote jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono.

#32 Mtaa wa Kongo
Picha imepigwa vibaya, mwanga. Tuendelee.

#33 Mnyamwezi Mpole
Nimewasoma kimya toka juu. Asali. Sio mmea lakini nyuki anaitoa kwenye maua kwa hiyo naingiza kwa mlango wa nyuma. Kwetu Tabora kuungua ni asali ya nyuki wadogo, unapaka juu ya kitambaa halafu kitambaa ndo kinawekwa, usipake mkononi ukaanza kulamba. Na msije mkasema ni ushamba, Cochrane wale wa kupitia tafiti, 2015 walisema kidonda cha moto cha ngozi ya juu na kati kinapona haraka kwa asali kuliko kwa bandeji za kawaida, siku nne tano hivi.

#34 Kona Famasi
Hiyo sibishi, kati ya yote yaliyotajwa hapa asali ndo ina ushahidi mzito kuliko huo mshubiri wa picha mbovu. Ila asali ya hospitali inapigwa mionzi kuua vijidudu. Hii ya chupa za maji barabarani nusu yake sukari guru imechemshwa, unapaka unaalika sisimizi. Na mtoto chini ya mwaka mmoja asilambishwe kabisa, mkishampaka mkononi ataulamba.

#35 Sheshe Magomeni
Asali feki unaijua kwa kuchoma njiti ya kiberiti, ikiwaka ni orijino.

#36 Mnyamwezi Mpole
Uongo huo. Njiti inategemea unyevu, hata feki nzito inawasha. Asali nunua kwa mtu unayemjua, basi.

#37 Mwalimu Mstaafu
Nikiwa shule za bweni tulikuwa tunatumia majani ya chai, yale makapi yaliyopoa, unabandika. Maelezo tuliyopewa ni kwamba chai ina ule ukakasi unaokaza ngozi. Na ni kweli palikauka na kuwa na ganda la kahawia.

#38 Siti ya Mbele
Hii ndo chai sasa 😂

#39 Upanga Darasani
Sio chai, mwalimu ana historia upande wake. Huo ukakasi unaitwa tanini. Mwaka 1925 kule Detroit daktari mmoja alianza kuwamwagia walioungua asidi ya tanini, ikawa ndo tiba ya dunia nzima, ganda linajitengeneza, maji ya mwili hayapotei, watu wakapona kuliko zamani. Ikaja kuachwa miaka ya arobaini walipogundua kwamba kwa walioungua eneo kubwa ile asidi inaingia mwilini na kuharibu ini. Makapi ya kikombe kimoja hayawezi kukufikisha huko, ila usijenge hoja kwamba kikikauka basi kimepona. Siku hizi kidonda cha moto kinatakiwa kibaki na unyevunyevu.

#40 Mzee Kibasila
Kwa hiyo na wazungu walikuwa na sungura wao.

#41 mama_vitumbua
Mzee leo umeamka vizuri 😂

#42 Binti Newala
Tukiwa hapohapo kwenye mimea, isije ikasahaulika kuna mimea inayounguza yenyewe. Mafuta ya ganda la korosho. Ukibangua korosho mbichi nyumbani bila kujipanga, yale mafuta meusi yakikugusa ngozi inababuka kabisa, malengelenge kama ya moto. Wabanguaji wanapaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kuanza. Watoto wa mjini mnaletewa korosho na ganda lake mnaanza kung'ata kwa meno, mdomo unageuka siku hiyo hiyo.

#43 Kona Famasi
Ongeza ndimu. Kuna dada alikuja dukani kaungua kidogo na pasi, akaambiwa asugue ndimu alama isibaki, akatoka nayo juani saa saba mchana wa Dar. Maji ya ndimu na jua vinaunguza ngozi upya, pale padogo pakawa doa kubwa jeusi lenye malengelenge.

#44 Gel Asilia Tz
Habari wana jukwaa, kwa jeli safi ya mshubiri inayotibu kuungua, makovu, chunusi, kisukari na nguvu za kiume karibu inbox, tunaleta mpaka ulipo.

#45 Siti ya Mbele
Ina usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Maana sheria ipo tangu 2002. Na kisukari na kuungua vimekutana kwenye chupa moja vipi?

#46 Gel Asilia Tz
Njoo inbox boss tuongee vizuri.

#47 Sheshe Magomeni
Tumpotezee. Swali langu la mwisho ni makovu. Nina alama nyeusi mkononi ya mvuke wa pressure cooker, imeshafunga, haiumi, ila inaniudhi nikivaa nguo za mikono mifupi. Mshubiri, mafuta ya nazi, au kuna jani lingine?

#48 Zenji Kitambo
Nazi ya kukamua kwa mkono, ile ya tui lililochemshwa, unasugua asubuhi na jioni. Dada zangu wote wametumia.

#49 Nesi wa Zamu
Kwenye ngozi nyeusi ile alama nyingi zinafifia zenyewe kwa miezi, ukisugua nazi utasema ni nazi, ukisugua mshubiri utasema ni mshubiri. Kusugua kwenyewe kunasaidia kulainisha, mafuta yanafanya mkono uteleze, mi sikatazi. Kikubwa ufunike na jua. Ikianza kunyanyuka, kuwasha na kukua kuvuka pale ulipoungua, hiyo ni keloidi, achana na mitishamba muone daktari wa ngozi mapema.

#50 Zenji Kitambo
Nesi wewe kila kitu "kingepona chenyewe". Sasa dada zangu wanne wote wamepona wenyewe, na mpenzi wa mmoja wao ambaye hakupaka bado ana doa lake mpaka leo. Elezea hilo.

#51 Nesi wa Zamu
Labda yeye aliungua zaidi. Labda anashinda juani. Mimi sijamuona.

#52 Zenji Kitambo
Labda, labda. Haya.

#53 Mtaa wa Kongo
Nakusanya mawazo: nakubali maji yaanze, hilo hata sikulipinga. Ila baada ya maji, ngozi haijachubuka, eneo dogo, mshubiri bado ndo rahisi kupatikana kuliko asali ya Tabora, jani la mgomba na Mchina wa ufuta. Atakayeleta kitu rahisi zaidi ya hicho aseme.

#54 mama_vitumbua
Mwenye kutaka mshubiri wenyewe, sio mkonge 😂, mimi ninao umetoa machipukizi mengi, nipo mpaka saa nne asubuhi, beba kopo lako. Boda Sugu mguu umeendaje?

#55 Boda Sugu
Bado katikati kunatoa majimaji mama, ila hakuumi. Nilikuwa nataka nijaribu asali ya Mnyamwezi kwanza kabla ya kwenda kupanga foleni.

#56 Mnyamwezi Mpole
Mimi usinitie kwenye hiyo. Asali niliyosema ni ya kuungua kwa juu, sio egzosi.

#57 Kona Famasi
Boda umeungua lini hasa? Kama zimeshapita wiki 2 na hapajafunga hiyo haisubiri kitu cha jikoni wala cha dukani kwangu, wakikuona mapema wanaweza kupasafisha, wakichelewa wanaongelea kupandikiza ngozi. Anza hata na zahanati ya karibu leo hii, watakupa rufaa wakiona inafaa.

#58 Boda Sugu
Wiki mbili zimepita tayari. Poa, nina abiria wa Mwenge hapa, nikimshusha napitia.

#59 Nesi wa Zamu
Abiria atapata boda nyingine.